Mazda Roadster ya mwaka 2006 iliyozama mafurikoni: tuliyoyaona katika ukaguzi wa siku tatu Malindi

Gari ninalolitathmini hapa ni Mazda Roadster ya mwaka 2006, lile toleo la tatu ambalo nje ya Japani hujulikana kwa jina la MX-5, lenye viti viwili, turubai la kukunja na giaboksi ya mkono ya gia sita. Lilizama katika mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023, likiwa limeegeshwa katika kiwanja cha bondeni upande wa kaskazini wa Malindi, kuelekea daraja la Sabaki, na tangu wakati huo limekaa chini ya banda la makuti likisubiri mnunuzi. Mwenyewe anataka shilingi 320,000. Mpwa wangu, ambaye amelipenda tangu siku ya kwanza alipolipita akiwa juu ya bodaboda, aliniomba nikalitazame kabla hajatoa akiba yake, kwa kuwa nilikaa miaka mingi nikisimamia magari ya hoteli za hapa na nimeshaona magari yaliyoingia maji ya kila aina. Tulikwenda siku tatu mbalimbali, pamoja na fundi wa injini na fundi wa umeme wa magari, na mwenye gari alituruhusu kufungua karibu kila tulichotaka kufungua, jambo ambalo namshukuru kwalo hata kama yanayofuata hayatampendeza.

Ni haki kuanza na sababu zinazomfanya mtu mwenye akili timamu asimame mbele ya gari la namna hii na kupeleka mkono mfukoni. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Roadster za umri huu zilizomo nchini ndizo hizo hizo, na kila moja inayooza bandani huzidi kuwafanya wapenzi wa nyingine waone kama dhahabu. Kuagiza toleo jipya ni habari ya fedha nyingi na ushuru mzito. Isitoshe, hili si gari la ajabu ambalo vipuri vyake vimetoweka duniani: Mazda ilikwisha kutengeneza zaidi ya magari milioni moja ya ukoo huu kufikia Aprili 2016, na umbile lake ni la kueleweka na fundi yeyote mzuri, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito wake wote ni tani moja na kidogo. Ukiliangalia kwa mbali, likiwa limeoshwa na kupigwa rangi ya matairi, utadhani linahitaji betri na dua tu.

Lakini neno maji lina maana nyingi, na swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kuuliza ni maji gani. Mto Sabaki huanza mbali sana na sisi, ukiitwa Athi katika nyanda za karibu na Nairobi, ukapita Ukambani, ukaungana na mto Tsavo na kuitwa Galana, na unapofika kwetu umebeba udongo wa nchi zote ulizopita. Kila msimu wa mvua tunauona ukiibadilisha bahari ya Malindi kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo ni laini kama unga wa ngano. Linaingia mahali ambapo hata mkono wa mtoto hauingii, na maji yakishaondoka lenyewe hubaki. Jambo la pili ni kwamba karibu na mlango wa mto maji ya mafuriko hukutana na maji ya bahari yanayojaa, hivyo mtu anayesema gari lake lilizama katika maji ya mvua huenda anasema kweli nusu tu. Fundi wetu wa umeme alikwangua kwa ukucha ule ukoko mweupe uliokuwa kwenye reli ya kiti, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. "Chumvi," alisema, na akanawa mkono. Kwangu mimi, nusu ya matumaini iliondoka hapo hapo.

Mwenye gari alikuwa ametueleza kwamba maji yalifika kwenye kapeti tu. Sidhani alikusudia kutudanganya, kwani gari lilipotolewa yeye hakuwapo, na kapeti alizozikuta zilikuwa zimekwisha kufuliwa na kuanikwa vizuri. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho hakuna anayekumbuka kukifua, nacho ni mkanda wa kiti. Tuliuvuta mkanda wa upande wa dereva mpaka mwisho, na pale palipokuwa pamejikunja ndani ya nguzo palitokea mstari wa tope uliokatika sawasawa kama uliochorwa kwa rula. Tulipotoa ubao wa mlango tukauona mstari ule ule kwenye bati la ndani: juu ya kalio la kiti, na kiasi cha shubiri moja chini ya usukani. Kila kitu kilichokuwa chini ya mstari huo kilikaa majini, kwa siku ngapi hakuna aliyekuwa na hakika, na katika gari linalokaa karibu na ardhi kama hili, vilivyo chini ya mstari huo ni vingi kuliko mtu anavyodhani.

Nianze na injini, kwa sababu ndiyo ambayo kila mtu huiuliza, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuulizwa mwisho. Ni injini ya lita 2.0 yenye silinda nne, na bloku yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo kutu ya nje si tatizo kubwa. Fundi alizitoa plagi zote nne kabla ya kugusa kitu kingine, kama inavyopasa, kwa kuwa maji hayagandamiziki na pistoni inayokutana na maji ndani ya silinda lazima ipinde kitu. Kifimbo cha kupimia kiwango cha oili kilitoka na uji wa rangi ya maziwa. Plagi tatu zilikuwa na kutu na moja ilikuwa mpya kabisa, na hilo lilituambia kwamba kuna mtu aliyekwisha kufika pale kabla yetu. Tulipouliza kwa upole tuliambiwa kwamba, siku chache baada ya maji kupungua, vijana walilifunga gari kwa kamba nyuma ya pikapu wakalivuta likiwa ndani ya gia ili liwake, nalo likanguruma mara moja, likagonga, likanyamaza.

Fundi hakusema neno. Alichukua waya mnene ulionyooka, akauingiza katika tundu la kila plagi kwa zamu huku akiizungusha injini kwa spana, akaweka alama mahali ambapo pistoni hufika inapokuwa juu kabisa. Alama tatu zililingana. Ya silinda ya tatu ilikuwa chini kwa kiasi cha milimita tatu, maana yake konrodi, ile fimbo inayoisukuma na kuivuta pistoni, imepinda, na pengine ukuta wa silinda umekwaruzika pia. Hili ni jambo la kuhuzunisha, kwa sababu halikufanywa na mafuriko. Wavuvi wetu wanalijua somo hili vizuri kuliko wenye magari: mashine ya boti ikizama baharini, mtu anayeielewa hukimbia kuitumbukiza katika pipa la maji matamu na kuiacha humo humo mpaka fundi awe tayari kuifungua, kwa kuwa chuma kilichokwisha kulowa chumvi huanza kuliwa mara tu kinapokutana na hewa. Hakuna mvuvi anayeivuta kamba ya mashine iliyotoka kuzama ili aone kama itawaka.

Pamoja na hayo, injini ina dawa. Ukoo wa injini hii umo katika Mazda nyingine nyingi tunazoziona barabarani, Axela na Atenza zikiwa miongoni mwake, ingawa haichukuliwi tu na kupachikwa kama ilivyo, kwa sababu katika magari hayo injini imekaa kwa upana na katika Roadster imekaa kwa urefu, na hivyo sampu (beseni la oili chini ya injini), mabomba ya kuingizia hewa na vifungio vyake hutofautiana. Fundi mwenye subira ataifungua hii iliyopo, abadilishe konrodi, ringi, beringi na gasketi, asafishe njia zote za oili, na itafanya kazi. Giaboksi na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, nazo zina matundu ya kupumulia ambayo hunyonya maji yanaporuhusiwa. Tulifungua vizibo vyake na kilichotoka hakikuwa oili. Breki zimeshika, nyaya za breki ya mkono hazisogei, beringi za magurudumu zinalia kama chakacha za mwali. Yote haya ni gharama, lakini ni gharama ambayo mtu anaweza kuiandika katika karatasi na kuikuta imekwisha.

Waya hauna mwisho wa namna hiyo, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo mpwa wangu aliponipinga kwa nguvu. "Mjomba," aliniambia, "lakini taa zinawaka." Ni kweli, ziliwaka. Mwenye gari alikuwa amefunga betri mpya, na kila anapokuja mtu kulitazama huwasha taa, huzungusha vioo na kupiga honi ili aonyeshe kwamba umeme ni mzima. Fundi wa umeme alimwita kijana karibu, akachubua sentimita chache za waya mmoja uliopita chini ya kiti cha abiria. Ndani, badala ya shaba nyekundu inayong'aa, kulikuwa na unga wa kijani unaovunjika ukiugusa. Akasogea juu kiasi cha mkono mzima, mahali palipokuwa juu kabisa ya ule mstari wa maji, akachubua tena: kijani. Nyuzi za shaba ndani ya ganda la plastiki hufyonza maji kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta, na chumvi ikishapanda humo hakuna upepo wala jua litakaloitoa. Taa inaweza kuwaka kwa nyuzi mbili au tatu zilizobaki. Pampu ya mafuta haiwezi. Tulipima: betri ilikuwa na volti 12.4, na kwenye soketi ya pampu, pampu ilipopewa kazi, tulipata volti 9.1. Tofauti hiyo imeliwa njiani, na kila mwezi unaokuja italiwa zaidi.

Soketi zenyewe zilikuwa na hali mbaya zaidi ya waya. Zile zilizokuwa na umeme wakati wote, yaani zile ambazo betri huzilisha hata ufunguo ukiwa mfukoni, pini zake zilikuwa zimekwisha kabisa, ilhali jirani zake zisizo na umeme zilikuwa zimechafuka tu. Hiyo ndiyo kazi ya chumvi, unyevu na umeme vinapokutana mahali pamoja: pini moja huyeyuka kidogo kidogo na kuhamia kwa mwenzake. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza kabisa la kufanya gari likizama, kabla ya kulisukuma na kabla ya kumpigia mtu simu, ni kutoa betri, na fundi alimweleza mwenye gari, kwa adabu na zaidi ya mara moja, kwamba ile betri mpya anayojivunia inalitafuna gari lake usiku na mchana katika hewa hii ya pwani, na kwamba hata kama sisi hatutalinunua, kwa faida yake mwenyewe aifungue. Alikubali kwa kichwa.

Kubadilisha mfumo mzima wa waya maana yake ni kutoa viti, kapeti, dashibodi na karibu kila kitu kilicho kati ya boneti na buti, na kisha kupata mfumo mwingine uliotoka katika gari la mwaka ule ule na vifaa vile vile, usiokatwa. Magari yanayovunjwa kwa ajili ya vipuri mara nyingi hukatwa kwa msumeno, na msumeno hauulizi waya umepita wapi. Tulipiga simu kwa wauzaji wa vipuri wa Mombasa na wa barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, walituahidi injini, walituahidi milango, lakini waya mzima hakuna aliyetuahidi bila ya kusema kwanza, "Nitaulizia." Na bado kuna kompyuta za gari. Moja, ile ya mifuko ya hewa, tuliikuta imefungwa chini katikati ya sakafu, ndani kabisa ya eneo lililozama, na soketi zake za manjano zilikuwa zimejaa tope lililokauka.

Juu ya mifuko ya hewa sitaki kuwe na majadiliano. Kifaa kilichotengenezwa kulipuka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kikishakaa majini, hakuna mtu Malindi wala pengine anayeweza kukitazama na kuapa kwamba kitafunguka siku ya ajali, au kwamba hakitafunguka siku isiyo ya ajali. Vivyo hivyo mikanda, ambayo nayo ina baruti ndogo ya kuivuta wakati wa kugongana. Vyote vinabadilishwa vipya au gari linabaki pambo. Nimesikia kwamba kuna mafundi wanaozima tu ile taa ya tahadhari kwenye dashibodi kisha wanamkabidhi mteja ufunguo. Gari la viti viwili, jepesi, lenye mbio, linalokwenda Gede usiku katika barabara ile nyembamba iliyo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ndilo gari la mwisho ambalo ningependa mtoto wa dada yangu aliendeshe katika hali hiyo.

Kuhusu bodi nitasema machache. Boneti na mfuniko wa buti ni vya aluminiamu na viko salama. Sakafu ina kutu ya juu juu ambayo fundi wa bodi ataimaliza. Vizingiti vilivyo chini ya milango ndivyo vinavyotia shaka, kwa kuwa tope limejaa ndani na tulipogonga kwa mpini wa bisibisi vilijibu kwa sauti nzito badala ya kulia. Kuna kasoro moja ambayo ilikuwapo hata kabla ya mafuriko: mifereji midogo iliyo nyuma ya viti, ambayo hutoa maji yanayoteremka kutoka kwenye turubai, ilikuwa imezibwa kabisa na sindano za mvinje. Wenye magari ya kufunuka ambao huegesha chini ya mivinje, na mji huu una mivinje mingi, waikague mifereji hiyo kila baada ya miezi michache, la sivyo gari litazama polepole bila ya mto wowote kufurika.

Basi tulikaa chini ya mwembe na kufanya hesabu. Ukilichukua kwa shilingi 320,000, uweke 150,000 za injini na giaboksi, 190,000 za waya, kompyuta na kazi ya fundi wa umeme, 160,000 za viti, mikanda na mifuko ya hewa, na 80,000 za breki, beringi na bodi, umefika shilingi 900,000, na hizo ni tarakimu za fundi aliye rafiki yetu, siku ambayo amefurahi. Hapo hujahesabu kulihamisha, wala maji ya kulioshea. Hili la maji si mzaha: visima vingi vya Malindi vina chumvi, na mtu anayelisafisha gari lililoingia chumvi kwa maji ya kisima anaongeza alichokuja kukipunguza. Ni lazima yawe maji ya bomba, yanayotoka Baricho, ambayo kwa kichekesho cha dunia ni kando ya mto huo huo wa Sabaki.

Mtu anaweza kuniuliza kama ningetoa jibu hili kwa gari lolote lililozama, nami nitasema hapana. Kama betri ingetolewa siku ile ile, kama lingeoshwa kwa maji matamu ndani na nje kabla tope halijakauka, kama asingetokea mtu wa kulivuta kwa kamba, ningemshauri mpwa wangu alichukue kwa nusu ya bei hii na afanye kazi kwa mwaka mmoja bila ya haraka. Vilevile kama lingekuwa Roadster ya toleo la kwanza, zile zilizoanza kutoka mwaka 1989, zenye waya chache na kompyuta chache zaidi, ningefikiri mara mbili, kwa sababu gari la namna hiyo mtu anaweza kulishona waya upya mwenyewe, uzi mmoja baada ya mwingine, akiwa na mchoro na jioni za kutosha. Hili la 2006 limesimama mahali pabaya: si la zamani kiasi cha kuwa rahisi, wala si jipya kiasi cha kustahili shilingi 900,000 na wasiwasi juu yake.

Kwa hiyo kama gari la kufufuliwa na kuendeshwa, silipendekezi kwa bei yoyote inayofanana na hiyo. Kama ghala la vipuri lina thamani ya kweli, kwa maana boneti, mfuniko wa buti, milango, kioo cha mbele, rimu nne, turubai ambalo limepona kwa kuwa lilikuwa juu ya maji, na taa za mbele zote ni vitu ambavyo mwenye Roadster nzima atavitafuta siku moja. Tulimwambia mwenye gari kwamba kwa kazi hiyo tungetoa shilingi 90,000. Alicheka, akatukaribisha madafu, na tukaagana vizuri. Mpwa wangu alinyamaza njia nzima mpaka tulipofika mjini, ndipo aliposema, "Mjomba, lakini ulilionaje umbo lake?" Nilimjibu kwamba umbo sina neno nalo.

Wiki tatu baadaye mwenye gari alinipigia simu. Bei imeshuka, alisema, sasa ni 200,000, ila kuna jambo dogo: taa za upande wa kushoto zimeacha kuwaka na hajui kwa nini. Nilimuuliza kama alikwisha kuitoa ile betri. Hakuwa ameitoa.